Spider-Man wa vipindi 26

Tarehe 18 Novemba 2009, idhaa ya Disney XD ya Marekani ilionyesha kipindi cha 26 cha katuni iitwayo The Spectacular Spider-Man. Kiliishia makaburini. Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, na Gwen Stacy walikuwa wameshakubaliana kuachana na wapenzi waliokuwa nao ili hatimaye wawe pamoja. Peter alitimiza upande wake. Gwen alipokwenda kwa Harry Osborn, alimkuta ametoka kufiwa na baba, na Harry akamganda: bila yeye, hana wa kumtegemea. Gwen akabaki naye kwa huruma, Peter akaondoka peke yake, na majina ya watengenezaji yakaanza kupita kwenye kioo. Watazamaji wakasubiri msimu wa tatu. Haukuja, na hadi leo haujaja.

Nimeitazama upya yote, safari hii nikiwa na mpwa wangu, mtoto wa darasa la tano anayejua Kiingereza cha kutosha kufuata ngumi na kisichotosha kufuata maneno, kwa hiyo nusu ya kazi yangu ilikuwa kumtafsiria. Nilipomaliza nilikuwa na uhakika wa jambo moja, na nalisema bila kupepesa macho: katuni hii inamjua Peter Parker kuliko filamu nyingi zilizomhusu, zikiwemo zile zilizomeza mamia ya mamilioni ya dola. Ubora wake hautokani na mapigano, ingawa mapigano yake ni mazuri. Unatokana na kwamba ndani yake hakuna jambo linalotokea bure. Kila adui ana mtu aliyemtengeneza. Kila hela ina inakotoka na anayeumia kwa ajili yake. Kosa linalofanywa kwenye kipindi cha tatu linadaiwa kwenye kipindi cha 13, pamoja na riba.

Walioibuni ni wawili. Greg Weisman ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu, mtu aliyekwisha kujijengea jina kwa kuanzisha Gargoyles miaka ya 1990. Mwenzake, Victor Cook, alisimamia uongozaji na picha. Kampuni mama ilikuwa Sony, ambayo wakati huo ilikuwa na haki za kumtumia Spider-Man kwenye sinema na pia kwenye katuni za televisheni. Kipindi cha kwanza kilirushwa tarehe 8 Machi 2008, kwenye saa za watoto zilizojulikana kama Kids' WB, asubuhi ya Jumamosi. Mhusika mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 45 tayari, maana Stan Lee na Steve Ditko walimtoa kwa mara ya kwanza Agosti 1962 katika jarida la Amazing Fantasy. Hapo katikati alikuwa ameshatengenezewa katuni nyingi. Ungedhani kisima kimekauka.

Weisman na Cook walianza kwa uamuzi uliowatofautisha na wengi. Hawakuanza na kuumwa na buibui. Tunamkuta Peter ana miaka 16, likizo ya kiangazi imekwisha, uwezo wake ameshauzoea na anaufurahia, na kesho shule inafunguliwa. Kutoka hapo kalenda inasonga kama kalenda ya kweli ya mwanafunzi. Inafika Halloween, inafika sikukuu ya Shukrani, Krismasi, Siku ya Wapendanao. Watoto wa darasa lile wanabadilika kadiri miezi inavyopita, na hilo ni jambo ambalo katuni za kishujaa hulikwepa, kwa sababu mhusika asiyebadilika ni rahisi kumrudia na rahisi kumuuza.

Hata majina ya vipindi yamepangwa kishule. Vitatu vya kwanza vimechukua majina kutoka biolojia, vitatu vinavyofuata kutoka uchumi, halafu kemia, halafu saikolojia. Msimu wa pili unapita kwenye uhandisi, makuzi ya binadamu, elimu ya uhalifu, na kumalizia na sanaa za jukwaani. Kila kundi ni somo, na somo lenyewe ndilo linaloendesha visa. Mtoto hatagundua, na hana haja ya kugundua. Mtu mzima akigundua anaanza kutazama kwa heshima nyingine.

Chukua lile kundi la biolojia, maana hapo ndipo nilipowakubali hawa waandishi. Peter na Gwen wamepata nafasi ya kujifunza kazi kwenye maabara ya chuo kikuu, chini ya Dakta Curt Connors na mkewe Martha. Yupo pia Eddie Brock, kijana aliyewatangulia kidogo, yatima kama Peter, ambaye humwita Peter "kaka" na kumaanisha. Nafasi ile haina mshahara. Nyumbani, mama yake mkubwa May, mjane wa Ben Parker, anahangaika na bili, na Peter ameziona. Ndipo Dakta Connors, aliyepoteza mkono mmoja, anajidunga dawa ya kuuotesha upya, mkono unaota, na mwili mzima unageuka mjusi mkubwa anayezunguka jijini New York akiharibu.

Spider-Man anapambana naye na kumrudisha utu wake. Ingekuwa katuni nyingine, mambo yangeishia hapo kwa kukumbatiana. Lakini Peter, katikati ya patashika ile, alipiga picha. Gazeti la Daily Bugle linanunua picha za mjusi, na nyumbani pesa zinahitajika kwelikweli. Anaziuza. Familia ya Connors inaiona aibu yake imeanikwa gazetini na kijana waliyemkaribisha, na Martha anamwondoa Peter maabara. Eddie hawezi kuelewa: wakati wengine wanahangaika kumwokoa daktari, huyu alikuwa anatafuta picha ya kuuza? Hajui kwamba aliyemwokoa daktari ni huyohuyo, na Peter hawezi kumwambia.

Nilisimamisha picha pale ili nimweleze mpwa wangu vizuri. Akaniuliza, "Mjomba, kwani Peter amekosea?" Nikamjibu kwamba sina jibu la ndiyo au hapana. Ameisaidia nyumba yake kwa fedha iliyotokana na msiba wa nyumba nyingine. Hakuiba, hakusema uongo, ila ameumiza watu waliomwamini. Mtoto alinyamaza akafikiri. Hiyo ni katuni ya Jumamosi asubuhi iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka minane mpaka kumi na kitu, na imemfikisha mtoto mahali ambapo wazazi wengi hatufiki naye tukiwa mezani.

Na chuki ile ya Eddie haipotei. Inakaa kimya kwenye vipindi vya katikati, inaongezewa jeraha dogo hapa na jingine pale, mpaka lile vazi jeusi kutoka anga za mbali, lililokuwa limemvaa Peter na kumfanya mkatili, linapotupwa na kumkuta Eddie ameshajaa sumu yake mwenyewe. Vazi na kijana vinaungana, anazaliwa Venom. Katika filamu ya Spider-Man 3 ya mwaka 2007, Venom alisukumizwa mwishoni kama mgeni aliyechelewa sherehe. Hapa amelelewa tangu vipindi vya mwanzo mbele ya macho yetu, na anapotokea, kinachotisha si meno. Kinachotisha ni kwamba bado anamwita Peter "kaka".

Kundi la uchumi nalo lina akili ya pekee. Vijibaka wawili, Flint Marko na Alex O'Hirn, wanakamatwa na Spider-Man mara kwa mara mpaka inakuwa kama mazoea. Bosi wa uhalifu wa jiji, Tombstone, ambaye mchana ni mfadhili anayeheshimiwa, anapiga hesabu ya kibiashara. Huyu buibui anamharibia kazi kwa sababu ana muda wa kukimbizana na wezi wadogo. Basi apewe kazi kubwa. Tombstone analipia majaribio katika kampuni ya Norman Osborn, na mwanasayansi mpole anayeonewa, Otto Octavius, anatumwa kuyafanya. Marko anageuzwa mtu wa mchanga, O'Hirn anakuwa Rhino, yaani kifaru. Spider-Man atakapokuwa anapambana na majitu haya, wizi wa kawaida utaendelea bila kelele.

Hapo ndipo swali ambalo kila mtazamaji wa sinema za kishujaa amewahi kujiuliza, kwamba hawa maadui wa ajabu wote wanatoka wapi na kwa nini mji mmoja, linapata jibu la mfanyabiashara: kuna anayewaagiza. Kisha Tombstone anamwita Spider-Man na kumpa ofa. Alipwe, na anachotakiwa kufanya ni kuangalia pembeni mara mojamoja. Sisi tunajua hali ya nyumbani kwa Peter. Anakataa, na waandishi hawampambi kwa kukataa kwake. Bili bado zipo palepale.

Otto naye haachwi salama. Ajali inamwachia mikono minne ya chuma imegandamana na mgongo wake, na yule mtu aliyekuwa akiinamisha kichwa kila bosi wake anapoongea anageuka kuwa mwenye kiburi kuliko wote. Mwigizaji Peter MacNicol anaibadilisha sauti ya Otto polepole, kiasi kwamba ukisikiliza bila kutazama utajua ni siku gani mtu huyu aliamua kwamba hataogopa tena. Max Dillon, fundi umeme aliyepigwa shoti na kugeuka Electro, haombi dhahabu wala utawala. Anataka aponywe, aweze kumgusa mtu. Hawa ni majeruhi kabla ya kuwa maadui, na katuni haijisumbui kutuhubiria hilo. Inatuonyesha siku walipoumizwa na inatuachia.

Lakini ustadi mkubwa kuliko wote uko kwa Green Goblin, adui mwingine wa Spider-Man, na hapa nitafichua siri, kwa hiyo anayetaka kuitazama bila kujua aruke aya mbili.

Yeyote aliyeona filamu ya kwanza ya mwaka 2002 anajua Goblin ni Norman Osborn, baba yake Harry. Waandishi wanajua kwamba tunajua. Wakatumia kujua kwetu kama chambo. Norman anazungumza kwa sauti ya Alan Rachins na Goblin kwa sauti ya Steve Blum, kwa hiyo sikio halipati pa kushikia. Kisha kwenye kipindi cha tisa, usiku wa Halloween, Norman na Goblin wanaonekana wote wawili kwa wakati mmoja. Spider-Man anaumiza mguu wa Goblin, anamfuata mpaka nyumbani kwa Osborn, na anayemkuta akichechemea ni Harry, mtoto wa shule, ambaye amekuwa akinywa dawa ya siri ya kumwongezea nguvu. Norman anaomba mwanawe asishitakiwe, atampeleka kutibiwa. Tunaamini. Tunamwonea Harry huruma, na tunajiona wajinga kwa kumshuku baba.

Vipindi 17 baadaye ukweli unatoka. Yule Norman wa usiku ule alikuwa Chameleon, jambazi wa kujigeuza sura. Goblin alikuwa Norman mwenyewe siku zote. Na mguu wa Harry? Baba yake alimkuta amezimia, akausokota kwa mikono yake ili mtoto aamke akichechemea na aamini kwamba mwovu ni yeye. Harry ameishi miezi mingi akijidhani ndiye Goblin kwa ajili ya baba yake. Nimetazama tamthilia nyingi za watu wazima zenye siri za ukoo na wosia wa uongo, na sijaona ukatili wa mzazi uliofichwa kwa ufundi kama huu. Ukirudi kutazama kipindi cha tisa baada ya kujua, utaona kila kitu kilikuwa wazi. Hawakutudanganya hata mara moja.

Kuna kipindi kimoja ningekitoa kwenye rundo na kumpa mtu yeyote anayedharau katuni. Ni cha 12, Intervention. Peter anapigana kulitoa lile vazi jeusi, na vita vyote vinafanyika ndani ya kichwa chake. Hapo ndipo, baada ya vipindi 11, tunapoonyeshwa hatimaye kuumwa na buibui, fedha za mieleka, na kifo cha Ben Parker. Wamekingojesha kisa hiki mpaka kipate kazi ya kufanya. Vazi linamnong'oneza kwamba yeye ni wa peke yake, hana mtu, lenyewe ndilo pekee linalomwelewa. Anayemjibu ni kumbukumbu ya baba yake mkubwa, kwa sauti ya mzee Ed Asner. Asner alikuwa mwigizaji wa zamani sana wa Marekani, na katika katuni ya Spider-Man ya miaka ya 1990 ndiye aliyekuwa sauti ya Jameson, yule mhariri mkorofi anayemchukia shujaa. Kumsikia mtu huyohuyo sasa akiwa Ben, akiongea taratibu na kijana aliyezidiwa, ni zawadi kwa waliokua na katuni ile ya zamani.

Sauti kwa jumla ndizo zilizobeba kazi hii. Josh Keaton kama Peter anajua kutania katikati ya ngumi na kuufanya utani usikike kama woga unaofunikwa. Daran Norris anampa Jameson pumzi ya mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kuanza nyingine. Robert Englund, ambaye wapenzi wa filamu za kutisha wanamjua kama Freddy Krueger, ni Vulture, mzee mvumbuzi aliyeibiwa ugunduzi wake na Norman Osborn. Anachotaka mzee yule kwenye kipindi cha kwanza ni kuombwa radhi tu. Norman, anayejivunia kwamba haombi radhi kamwe, anakataa hata akiwa ananing'inizwa angani.

Michoro ndiyo iliyowagawa watu. Sean Galloway, aliyewachora wahusika, aliwapa macho makubwa, miguu myembamba na mistari michache mno usoni. Wengi waliona ni ya kitoto. Naielewa hoja yao kwenye picha iliyosimama. Picha ikitembea, hesabu inabadilika: mhusika mwenye mistari michache ni rahisi kumkunja, kumrusha na kumzungusha, na bajeti ya televisheni haina ukarimu. Ndiyo maana Spider-Man huyu anaruka kwa wepesi ambao katuni za kabla yake, zilizojaa misuli na vivuli, hazikuwa nao.

Dosari zipo. Gwen anaanza akiwa msichana mwenye akili kuliko wote darasani, kisha anavuliwa miwani, anabadilishwa nywele, na ghafla wavulana wanamwona. Ni njia ya mkato iliyochoka, na waandishi wa kiwango hiki hawakuihitaji. Msimu wa pili wasichana watatu wanazunguka penzi la Peter mpaka unatamani mmoja wao apate shughuli nyingine. Kundi la elimu ya uhalifu lina mabosi wengi wanaogombea mji kwa muda mfupi, na mtoto anaweza kupotea. Lakini katika kundi hilohilo mna Gangland, ambapo vinara wa uhalifu wanapigana usiku wa Wapendanao na muziki wa opera ukiimbwa juu ya vipigo vyao, na kwa ajili ya dakika zile nasamehe mengi. Jambo jingine la kusifiwa, ambalo leo limekuwa kawaida na mwaka 2008 halikuwa: darasa la Peter lina sura za New York halisi. Liz Allan, aliyekuwa mzungu majaridani, hapa ni Mlatino, na hakuna anayesimama kulitolea hotuba.

Sasa tuje kwenye kilichoiua, maana hapa ndipo panaponiuma.

Haikufa kwa kukosa watazamaji. Ilianza kuyumba mapema: msimu wa kwanza haujaisha, Kids' WB ikafungwa Mei 2008 na saa zake za Jumamosi zikakodishwa kwa kampuni nyingine. Msimu wa pili ulipata makao Disney XD kuanzia Juni 2009. Mwaka huohuo Sony ilirudisha kwa Marvel haki za kutengeneza katuni za televisheni za Spider-Man, katika makubaliano yaliyoiachia Sony sinema zake. Kisha tarehe 31 Agosti 2009 Disney ikatangaza kuinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4.

Tazama hali iliyobaki. Mhusika Spider-Man, kwa upande wa katuni za televisheni, alikuwa wa Marvel, na Marvel ilikuwa inakwenda kwa Disney. Lakini katuni hii yenyewe, michoro yake, maandiko yake, namna hii ya kumweka Peter na Gwen na Harry, ilikuwa mali ya Sony. Sony haikuweza kuendelea kwa sababu haikuwa tena na haki ya mhusika. Disney haikuweza kuiendeleza kwa sababu haikuwa yake, na haikuwa na sababu ya kulipia cha mwenzake wakati inaweza kuanza chake. Mmoja ana ufunguo, mwingine ana mlango. Mwaka 2010 ikathibitishwa kwamba haitarudi, na ikatangazwa katuni mpya, Ultimate Spider-Man, iliyoanza Aprili 2012 na kudumu misimu minne, vipindi 104.

Mara nne ya ile. Sina ugomvi na walioipenda Ultimate; ina uchangamfu wake, na watoto wengi walimjulia Spider-Man pale. Ila ni katuni inayokatiza kisa kila mara ili mhusika atugeukie na kutuchekesha, na baada ya wiki mbili ni vigumu kukumbuka kilichotokea wapi. Ile ya vipindi 26 naweza kumsimulia mtu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka, kwa sababu kila kipindi kimeshikwa na kilichokitangulia.

Weisman alikuwa na ramani. Alikusudia vipindi 65, misimu mitano, kumfuata Peter mpaka amalize shule, na baada ya hapo filamu za kumfuata chuoni. Mbegu zilikuwa zimeshapandwa. Norman Osborn hakufa. Dakika za mwisho tunamwona akiondoka kwa sura ya kujificha. Na Gwen, kila msomaji wa majarida anajua kilichompata mwaka 1973, alipouawa katika vita kati ya Spider-Man na Goblin, kifo kilichobadilisha majarida ya Kimarekani. Je, wangemuua? Wangeuthubutu msiba ule kwenye saa za watoto? Kwa jinsi walivyokuwa wameandika mpaka pale, ningewaamini kwa uamuzi wowote.

Mpwa wangu alipoona majina yanapita baada ya makaburini, aliniambia niweke inayofuata. Nikamwambia hakuna. Akadhani ni bando limeisha. Nilipomweleza kwamba kampuni mbili kubwa ziligawana haki na katuni ikabaki katikati, alikasirika kikweli: "Steringi hawezi kuachwa hivyo!" Kwa watazamaji wa kwetu steringi anaweza kupigwa, kufungwa, hata kupotezwa porini, lakini mwisho lazima tuuone. Yuko sahihi kukasirika, na mimi nimekasirika naye. Kazi inayokufa kwa kukosa mvuto, tunaizika. Hii ilizimwa ikiwa hai, na waliokuwa na uwezo wa kuiokoa walikuwa wanaweza kukaa meza moja mchana mmoja wakaafikiana.

Ushahidi kwamba inawezekana upo kwa Weisman mwenyewe. Katuni yake iliyofuata, Young Justice, ilianza mwaka 2010 na kukatwa mwaka 2013, mashabiki wakaililia, na Januari 2019 ikarudi na msimu wa tatu. Tofauti ni kwamba mashujaa wale na katuni yenyewe vilikuwa chini ya nyumba moja, Warner. Alipotaka kuirudisha hakukuwa na jirani wa kuombwa. Spider-Man amebaki na wenye nyumba wawili, ambao tangu mwaka 2015 wamejifunza kushirikiana kwenye sinema pale fedha inapokuwa nyingi.

Mwaka 2023, katika Across the Spider-Verse, filamu ya Sony iliyokusanya Spider-Man wa kila aina, alitokea kwa muda mfupi yule mwenye macho makubwa na miguu myembamba, na akazungumza kwa sauti ya Josh Keaton. Maneno machache tu. Inaonyesha kwamba Sony inajua ina nini mkononi. Weisman yupo, Cook yupo, Keaton yupo na sauti yake haijazeeka. Vipindi 39 vilivyobaki kwenye ramani havihitaji muujiza.

Kwa mzazi anayetaka kuitazama na watoto wikiendi hii, mambo machache. Anza na kipindi cha kwanza na usiruke, hata kile kinachoonekana cha kupisha muda, maana hakuna cha kupisha muda. Kila kimoja ni kama dakika 22, kwa hiyo vitatu au vinne kwa jioni vinatosha, na ukivigawa kwa yale masomo utapata hadithi kamili kila mara. Haijawekewa Kiswahili, basi kaa karibu na mdogo utafsiri. Utani wa Peter utakushinda mara nyingine, acha upite. Vipindi vya Venom vinaweza kumnyima usingizi mtoto wa chini ya miaka saba. Kuna utani wa mapenzi wa shule ya sekondari na hakuna zaidi ya busu. Simamisha pale kwenye picha za mjusi, muulize angefanya nini kama bili zingekuwa za kwenu. Na mkifika kwenye kipindi cha tisa, mtoto akikuapia kwamba Goblin ni Harry kwa sababu ameuona mguu, usimbishie. Ana siku kadhaa za kuamini hivyo kwa moyo wote, na ana haki nazo.